Kesho Haivai Bati

Hotuba kwa vikundi vya maigizo na ngoma vya Unguja na Pemba, juu ya kutengeneza maonyesho kutokana na bunilizi za kisayansi na ndoto za nchi njema. Imewekwa hapa nzima kwa ajili ya wasiowahi kufika.

Assalaam alaykum wazee wetu, masheha mliokuja kututazama, mabibi na mabwana, na nyinyi vijana mliojibanza huko nyuma kwenye jamvi, karibu na feni.

Tuanzie Tunguu, hapa Unguja. Tarehe 20 Februari 1962, jua likielekea kuchwa, mtu mmoja alipita juu ya kisiwa hiki, na hakupita kwa ndege. John Glenn, Mmarekani wa kwanza kuizunguka dunia, alikuwa amefungwa mikanda ndani ya chombo kidogo ambamo hata miguu haikunyooka sawasawa. Chini yake, pale Tunguu, Wamarekani walikuwa na kituo cha kufuatilia vyombo hivyo: antena, redio, na daktari wa kumwangalia msafiri kwa mbali. Glenn alikuwa na kamba ya mpira. Akaivuta mara 30 kwa sekunde 30, mvuto mmoja kila sekunde, ili ijulikane moyo wa mtu unakwendaje akifanya kazi huko juu. Basi. Katika historia ya safari za angani, sehemu moja yetu sisi Waunguja ni hiyo: mtu kavuta kamba, na mwengine huku chini kamsikiliza moyo.

Nakuulizeni: kuna onyesho jepesi kuliko hilo? Mwili mmoja, kamba moja, nusu dakika, na msikilizaji wa mbali. Hakuna ngoma wala moshi wa rangi. Na bado ukilielezea, mtu anaacha kutafuna.

Nimelitanguliza kwa sababu tukisema leo tunatengeneza maonyesho kutokana na bunilizi za kisayansi na ndoto za nchi njema, kikundi cha kwanza kinakwenda dukani kununua rangi ya fedha. Cha pili kinajipaka. Cha tatu kinatembea kwa kukakamaa, huku kimebana pua kama redio mbovu. Kesho haivai bati, ndugu zangu. Kesho ni sharti. Ni amri mpya ambayo mwili unalazimika kuitii mbele ya watu, na sisi watazamaji tunauona ukihangaika nayo.

Kwa hiyo jambo la kwanza: badilisheni kitu kimoja. Kimoja tu.

Waunguja wenye umri hapa wanakumbuka. Disemba 2009 umeme unaotoka bara kwa kebo ya baharini ulikatika, na haukurudi mpaka Machi 2010. Miezi mitatu. Wapemba msitucheke, nyinyi wakati ule mlikuwa na majenereta yenu na kebo yenu kutoka Tanga ilikuwa bado njiani. Kilichobadilika kilikuwa kimoja, umeme. Tazameni kilichofuata. Pampu zimesimama, kwa hiyo maji hayapandi, kwa hiyo ndoo. Barafu hakuna, kwa hiyo samaki wa asubuhi hawafiki jioni. Mwenye jenereta anachajia simu za mtaa mzima na ghafla anaamkiwa na watu ambao zamani hawakuwa wakimjua. Usingizi umebadilika, harufu ya mtaa imebadilika, heshima imebadilika. Hayo yote katoa waya mmoja.

Wahakiki wa fasihi hii wanaliita jambo hilo moja novamu, neno ambalo Darko Suvin alilieneza katika miaka ya 1970. Nyinyi liiteni sharti. Likiwa moja, mtazamaji atalibeba mwenyewe na kulipeleka nyumbani kwake. Mkimpa matatu, roboti, halafu wageni kutoka sayari nyengine, halafu bahari imepanda mpaka Darajani, atakaa kusubiri la nne. Hapo mmeshampoteza, anaangalia mapambo.

Tuchukue mfano mmoja, tuushike mpaka mwisho. Sharti letu: kivuli kina mwenyewe. Jua limezidi, na kila kivuli kisiwani kimeandikiwa jina la mtu. Kaeni kitako na karatasi muandike yatakayofuata, yafike 20. Kumi ya mwanzo yatakuwa ya kila mtu: wenye miembe watatajirika, maskini ataungua. Yafuteni hayo yote kumi. Ni baada ya hapo vitu vinaanza kuja. Ukuta wa jirani unakudai asubuhi, ukifika alasiri wako ndio unaomdai yeye. Mtu mrefu hatembei peke yake tena. Tusi kubwa la nchi ni kumkanyaga mtu kivuli. Mchumba anaposwa kwa ahadi ya ukumbi.

Sasa yashusheni mwilini, maana karatasi haichezi. Chukueni kanga. Kanga ina pindo, mji, yaani kati yake, na jina, yale maneno yaliyoandikwa, na katika nchi hii ya vivuli haivaliwi, inabebwa juu ya vichwa. Urefu wake mita moja na nusu, upana mita moja na kidogo. Jua likiwa juu kabisa, inafunika watu wanne waliobanana. Wa tano anabaki na bega nje. Hilo bega ndilo onyesho lenyewe. Sasa ishikeni kwa namna ya pili: wanaoshika pembe nne wamebaki juani, aliyekaa kwenye mji ndiye aliye kivulini. Hamjasema neno, na hadhira imeshajua nani tajiri. Jina la kanga litungeni wenyewe, liwe usemi wa nchi hiyo, wala msilieleze. Wanawake watakaokuwepo watalisoma kabla ya mengine yote.

Hapa kuna zawadi ya bure kutoka mbinguni. Sisi tuko kusini ya ikweta kwa nyuzi sita hivi, kwa hiyo jua linatupita utosini mara mbili kwa mwaka. Kwa Unguja ni mnamo tarehe 5 Machi na tarehe 9 Oktoba. Pemba Machi huchelewa siku mbili tatu na Oktoba hutangulia kiasi hicho hicho. Mwezi wa Machi linafika utosini kama saa sita na dakika 35 mchana, Oktoba kama saa sita na dakika 10. Dakika kumi kabla ya hapo, mti wa mita mbili uliosimikwa wima hautoi kivuli kinachofika sentimita 10. Fikirini: nchi ambayo mali yake ni kivuli, na mbele ya macho ya watu mali inapungua, inapungua, mpaka kila mtu amesimama juu ya kidoto chake. Mtalipata wapi pazia la namna hiyo?

Lakini hesabuni vizuri. Adhuhuri huingia jua likishapinduka tu, na adhana haishindani na maigizo. Basi mna dakika 12, mkianza kwa wakati. Kosa linalotokea ni kuanza kwa kumsubiri mgeni rasmi. Jua halimsubiri. Siku ikiangukia Ijumaa, songezeni mbele siku moja. Tofauti ya kivuli haionekani kwa macho.

Wanaotaka kucheza ufukweni, Paje au Jambiani, kwenye uwanda unaobaki wazi maji yakitoka, nao wana saa yao. Maji yanachelewa kila siku kwa kiasi cha dakika 50. Onyesho lililokaa vizuri Jumamosi, Jumapili saa ile ile mtakuwa mnacheza majini. Wakati wa bamvua, yaani maji makubwa, bahari hupanda na kushuka mpaka mita nne, uwanda ni mkubwa na yakirudi yanakuja mbio. Maji mafu hayakupeni hata nafasi ya kupanga viti. Na mashamba ya mwani ya akinamama yako pale pale. Vile vigingi na kamba ni kazi ya mtu, si mapambo ya jukwaa.

Jambo la pili ni vifaa, na hapa nitakwenda Zambia.

Mwaka 1964, ule ule ambao kituo cha Tunguu kiliondolewa baada ya Mapinduzi, mwalimu mmoja wa Zambia, Edward Makuka Nkoloso, alitangaza kwamba nchi yake itapeleka watu Mwezini na hadi Mirihi. Alikuwa na chuo, na wanafunzi wachache, mmoja wao msichana wa miaka 17 aitwaye Matha Mwamba. Walikuwa na paka pia. Mafunzo yenyewe: kijana anaingizwa kwenye pipa la mafuta la lita 200, anabingirishwa mteremkoni, azoee kizunguzungu. Au anabembezwa kwenye kamba, na akifika juu kamba inakatwa, ili aonje kukosa uzito. Waandishi wa kigeni walikuja, wakapiga picha, wakacheka. Mpaka leo watu wanabishana kama mzee yule alikuwa anawatania wakoloni au alikuwa kweli.

Kwa maoni yangu ubishi huo ndio ufundi wake. Hakucheka yeye kwanza. Pipa lilikuwa pipa, kila mtu alilijua, na hakulipaka rangi lionekane roketi. Alilipa kazi. Mchezaji akitabasamu kuwaonyesha watu kwamba na yeye anajua ni pipa tu, onyesho limekufa pale pale. Wala hilo si geni kwetu. Beni zetu zilichukua ukakamavu wa gwaride la kikoloni na tarumbeta zake, zikaupeleka harusini, na wapigaji wakaushika kwa nyuso kavu kabisa.

Basi kabla hamjakwenda dukani, angalieni jikoni. Kawa la ukili, lile la kufunikia chakula: umbo lake ni antena. Likivaliwa kichwani ni kofia ya msafiri, na linapumua. Wengi wanakata dumu la maji wakatia kichwa ndani. Dumu linaonekana vizuri kwenye picha, lakini kwa joto letu litaanza kupata mvuke kabla hujamaliza shairi la kwanza, na hewa aliyoitoa mchezaji inamrudia mwenyewe. Mkilazimika, liacheni shingo wazi kabisa, tobweni na kisogoni upana wa kiganja, na asilivae kwa zaidi ya dakika tano bila kulivua. Paketi za krispi zilizogeuzwa ndani nje zinang'aa, kweli. Kwenye upepo zinapiga kelele kuliko mwimbaji, na mwilini hazipitishi jasho. Zitieni mgongoni tu, vipande vilivyoachana.

Vinyago na vichwa vya karatasi vinataka gundi ya unga. Kikombe kimoja cha unga wa ngano, vikombe vinne vya maji. Kikombe kimoja cha maji ya baridi mkorogee unga kwanza usipate madonge, vitatu vichemke, mmimine, mkoroge mpaka uji uwe wa kung'aa kama kioo cha ukungu. Tabaka tano za magazeti, kila moja ikauke siku nzima juani. Wakati wa masika siku mbili, na usiku muiingize ndani. Mkiharakisha, ndani inabaki mbichi, wiki ya pili inatoa kuvu na harufu ambayo hakuna mchezaji atakayekubali kuivaa. Dawa yake iko Pemba: mafuta ya makonyo ya karafuu, yale yanayotolewa kiwandani Wawi. Yana eugenoli, ile kemikali kali ya karafuu, na kuvu haiipendi. Matone kumi kwa sufuria ndogo, gundi ikishapoa. Ila tahadhari mbili. Yakiwa makali yanaunguza ngozi, na yanayeyusha lile boksi jeupe jepesi la kufungia televisheni. Mliojenga kichwa juu ya boksi hilo, mtakikuta kimeingia mashimo kama maandazi.

Taa nitazipitia haraka. Utepe wa mita tano wa taa ndogo, wa volti 12 na taa 60 kwa mita, aina ya kawaida unakula wati 24 hivi, yaani ampea mbili. Betri ya pikipiki ya ampea-saa 7 kwa hesabu ya karatasi itakupeni saa tatu na nusu. Hesabuni moja na nusu, kwa sababu betri ya aina hiyo ikikamuliwa mpaka mwisho haidumu. Tieni fyuzi ya ampea 3. Viungo vya waya vipakeni mafuta ya mgando, maana chumvi ya bahari itavigeuza kijani na taa zitaanza kukonyeza katikati ya maombolezo.

Sasa la tatu, na hili nakuombeni tulikalie.

Neno roboti limetoka wapi? Maabara? Kiwandani? Limetoka jukwaani. Mwaka 1920 Karel Čapek wa Chekoslovakia aliandika mchezo wa kuigiza juu ya watu waliotengenezwa kiwandani wafanye kazi ya wengine, na mwaka 1921 ukachezwa Prague. Jina alipewa na kaka yake, Josef, kutokana na neno lao robota, kazi ya shuruti, ile ambayo mkulima alilazimishwa kumfanyia bwana shamba. Kazi ya shuruti! Na sisi tuko wapi? Tuko kisiwa ambacho soko lake la watumwa, Mkunazini, lilifungwa 1873, na utumwa ukapoteza nguvu ya sheria 1897 tu. Mikarafuu mingi ya visiwa hivi ilipandwa na mikono isiyolipwa.

Halafu kikundi kinaleta roboti jukwaani amebeba sinia la juisi, watu wanacheka. Wanamcheka nani?

Sisemi msimlete. Mleteni, ila mvueni bati. Mpeni kazi moja ya Pemba: kuchambua karafuu. Mnaijua. Kishada kinashikwa mkono mmoja, kinasukumwa na kuzungushwa kwenye kiganja cha pili, punje zinaangukia huku, konyo linatupwa kule. Mchezaji akifanye kitendo hicho mara 60 bila kishada mkononi, kila kimoja sawa na kilichotangulia, bila kutikisa shingo kwa kukakamaa. Pembeni mtu ahesabu kwa sauti, na kila vishada 15 aseme kibaba, kikifika cha nne aseme pishi, kisha aanze upya kama kwamba hakikuwahi kuchambuliwa kitu. Uchovu utakuja wenyewe kwenye bega baada ya 40 hivi. Asiuigize, auache uje. Mkitaka harufu, tawanyeni makonyo makavu njiani watu wanapoingilia, wayakanyage. Pua inakumbuka mambo ambayo mdomo hausemi.

La nne: nchi njema bila kesi haichezeki.

Thomas More alipoandika juu ya kisiwa chake mwaka 1516, alikiita kwa Kigiriki Utopia, maana yake mahali pasipokuwapo. Mwaka 1951, miaka 10 kabla binadamu yeyote hajaizunguka dunia, Shaaban Robert alituandikia nchi inayoelea angani. Aliiitaje? Kusadikika. Lisikilizeni neno. Mmoja kasema hapapo, mwengine kasema panaweza kusadikiwa. Na ndani yake hakutupangia bustani na mito ya maziwa. Katupa mahakama. Karama yuko kizimbani kwa kosa la kutaka kufundisha uanasheria, na kila siku anasimulia habari za mjumbe aliyetumwa nje kutafuta mema, akarudi nayo, akatiwa jela. Wajumbe sita, pande sita: mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini. Wema wa nchi unatajwa na mtuhumiwa. Ndiyo maana hadithi inatembea.

Maonyesho mengi ya nchi njema yanalala usingizi kwa sababu watu wote jukwaani wamekubaliana. Watoto wanasoma, hospitali ina dawa, wanaimba, mwisho. Nani atakaa juani kutazama hayo?

Chombo cha kesi mnacho. Kibati! Wapemba, mnaona aibu gani na kibati? Ngoma inakwenda mbio, wawili wanajibizana papo kwa papo, maneno yanamiminika kuliko pumzi, na waimbaji wanaingia kwa kiitikio. Wekeni pale sharti la kivuli. Mmoja atetee: kabla ya sheria hii wazee walikuwa wakianguka kwa joto, sasa kila mmoja ana fungu lake. Wa pili apinge: na aliyezaliwa baada ya vivuli kwisha kugawiwa? Ngoma ikinyamaza, mpeni mtazamaji nafasi. Augusto Boal wa Brazil alikuwa na utaratibu huu: mtazamaji anasema simama, anaingia mwenyewe badala ya mchezaji, anajaribu njia yake. Kwenu mpeni dakika tatu, na amri moja: mazingaombwe hayaruhusiwi. Akisema "basi ikanyesha mvua ikawa raha", mpiga ngoma agonge mara moja, arudi kukaa. Mwisho wenye kukubali sheria wahamie upande wenye kivuli cha kweli, wenye kukataa wabaki juani, na hapo mtaona watu wazima wakibadili msimamo kwa sababu ya kisogo kinachoungua. Msiwacheke. Andikeni idadi yao.

Na kama kuna anayedhani mambo haya ni ya kigeni, aende Makunduchi mwezi wa Julai kwenye Mwaka Kogwa. Watu wa pande mbili wanapigana kwa magomba, yale ya mwaka mzima yanatoka kifuani. Kibanda cha makuti kinatiwa moto na mtu yumo ndani, anakimbia nje. Na moshi unasomwa kujua mwaka unaokuja utakuwaje. Mtaniambia nini tena juu ya kuicheza kesho?

Nimebakisha ya utaratibu. Anayelitaka jua la Oktoba aanze Agosti. Wiki mbili za kuandika yale mambo 20 na kuyafuta, wiki nne za mwili, na wiki mbili za mwisho mazoezi yafanyike saa sita mchana kweli, na mavazi yote, maji pembeni, dakika 12 kisha kivulini. Mkifanya mazoezi jioni, siku yenyewe mtu ataanguka. Barua kwa sheha mapema, na Baraza la Sanaa kibali chao kina muda wake, msikipeleke siku moja kabla. Ule mti wa kivuli upimeni uwima kwa timazi. Ukiinama kidogo tu, utatoa kivuli siku ambayo haikutakiwa kitoke.

Kamba za mwani ziko pale mlangoni, mita tatu kwa kila kikundi. Zile za kijani ni za Pemba.